Slaidi ya Gauni

Mtaani walimwita Fundi Nukta, na jina hilo hakupewa bure. Mpelekee negativu ya babu yako ya enzi zile za filamu, ataiskani, ataikuza kwenye kompyuta mpaka pua ya babu ijae kioo kizima, kisha ataanza kuwinda nukta za vumbi moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Ukimwambia, "Fundi, hapo panatosha, hiyo haionekani," atakujibu, "Haionekani kwako." Basi ujue mjadala umefungwa.

Zamani alikuwa mpiga picha mwenye studio yake. Filamu zilipopitwa na wakati, wenzake waliuza kamera wakaingia kwenye biashara ya simu. Yeye alinunua skana ya mtumba, akatoa kitanda kwenye chumba cha nyuma, akatundika mapazia mazito, na mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Watu wakaanza kumletea mabahasha, makopo, na maboksi ya viatu yaliyojaa negativu na slaidi za wazee wao. Chumba cha mbele kilikuwa cha binti yake, fundi cherehani, kwa hiyo ukipiga hodi pale ukaita "Fundi!" waliitika wote wawili.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Miaka mingi ya kuchungulia kwenye kamera ilikuwa imelitia adabu jicho lake la kushoto. Kikija kitu cha kutazamwa kwa makini, lenyewe lilijifunga, la kulia likafanya kazi. Hivyo ndivyo alivyotazama filamu kwenye kisanduku cha taa, hivyo ndivyo alivyotazama kompyuta, na hata nyanya sokoni alizichagua hivyo hivyo. Muuza nyanya mmoja mgeni aliwahi kumuuliza kama mkewe anajua kwamba anapita akikonyeza wake za watu. Watu wakacheka, naye akacheka, akalipa nyanya zake akaenda zake.

Mkewe alikuwa amefariki zamani, binti akiwa bado hajaanza kutembea. Mganga hajigangi: mtu aliyepiga picha harusi za mji mzima alibaki na slaidi moja tu ya rangi ya harusi yake mwenyewe. Nyingine zilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyingi kati ya hizo mkewe amegeuka kuongea na mtu. Gauni lenyewe liliazimwa na ndugu, ndugu akamwazima ndugu, likaishia kusikojulikana.

Sasa binti naye alikuwa anaolewa. Alikuwa amefikia umri ambao mashangazi huacha kuuliza na kuanza kushusha pumzi tu, ndipo akatokea fundi bomba aliyekuja kurekebisha sinki. Sinki lilipona siku ileile, lakini fundi bomba aliendelea kuja kuhakikisha kwamba halivuji.

"Baba," binti alisema siku moja akiwa na futi ya kupimia shingoni, "nataka nishone gauni kama la Mama. Mshono uleule, rangi ileile. Lilikuwa rangi gani?"

"Maneno hayana rangi," Fundi alijibu. "Nikikuambia, wewe utaona la kwako. Subiri nikutolee picha, uone mwenyewe."

Usidhani alikuwa anaringa. Tangu utoto wake binti alikuwa ameuliza mengi kuhusu mama yake, na mengi baba hakuweza kuyajibu: sauti yake ilikuwaje, alikuwa akicheka nini, angenipenda? Hili moja aliliweza. Lilikuwa ndani ya uwezo wa mikono yake na mashine yake, naye aliapa kwamba hatampa mwanawe rangi ya kukisia.

Slaidi ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, imelazwa juu ya punje za mchele zinazonyonya unyevu. Alivaa glavu zake za pamba, akaitoa, akaipulizia hewa, akaiskani. Begani kwa bibi harusi ikatokea miviringo ya rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Hilo halikumtisha, maana ni filamu tu imegusa kioo. Aliitoa kwenye fremu yake ya karatasi, akaiinua kidogo kwa vipande vya kadi, miviringo ikaondoka. Sasa katikati pakawa pakali, pembeni pana ukungu. Filamu imejikunja, basi. Akaibana katikati ya karatasi safi chini ya kamusi nene, akaenda kufagia uwanja ili asishawishike kuichungulia kabla ya wakati.

Aliporudi ilikuwa imenyooka. Akaiskani upya, akaanza kuwinda vumbi. Palikuwa na nukta moja chini ya sikio la bibi harusi, na kidole chake kilikuwa tayari kuifuta, lakini akaikuza kwanza. Ilikuwa hereni. Alikuwa amezisahau kabisa hereni zile. Alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa, na hakuona haya kulia, maana mapazia yalikuwa yamefungwa.

Ikabaki rangi. Picha nzima ilikuwa njano, ile njano ya chai iliyochemka kupita kiasi. Hapo pia hakushangaa. Slaidi za zamani huchuja, huo ndio ugonjwa wao, na mwaka ule karibu kila slaidi iliyomjia ilikuwa nao, naye alishakata shauri kwamba ni joto. Dawa yake aliijua. Alifunga jicho la kushoto, akapandisha buluu kwenye kompyuta, akatazama, akapandisha tena, taratibu, mpaka gauni la mkewe likawa jeupe kama alivyolikumbuka.

Alikuwa bado anaitazama picha hiyo Mwalimu alipopiga hodi. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mpole ambaye upole wake ulikuwa na mfupa ndani. Wiki iliyopita alichukua picha za harusi yake, sasa alikuwa amezirudisha.

"Fundi, kazi nimeipenda," alianza. "Vumbi hakuna hata chembe. Ila nieleze, siku ile ya harusi yangu kulikuwa na baridi kiasi gani? Mbona sote midomo ya buluu?"

Fundi alipokea picha, akafunga jicho la kushoto, akazipitia. "Mwalimu, mbona ziko sawa?"

"Ziko sawa? Mume wangu hapa si kama mtu aliyeopolewa mtoni?"

"Labda ni taa za nyumbani kwako. Kuna taa zinaharibu rangi."

"Nimezitazama juani, Fundi."

Damu ikampanda. Mtu akikuambia chakula chako hakina chumvi unaweza kumvumilia, lakini usimwambie mpiga picha kwamba haoni. "Mwalimu," alisema, "soma pale mlangoni."

Mwalimu aligeuka, akasoma lile andiko jekundu bila haraka, kama anayesahihisha daftari. Kisha akaweka picha zake mezani. "Nimesoma," alisema. "Nawe ukipata nafasi, usome." Akaaga na kuondoka.

Binti, kwenye cherehani yake, alisikia yote, akaendelea kushona.

Fundi alifanya ubishi mbele za watu, ila moyoni alitingishika. Alisafisha kioo cha skana juu na chini. Aliikagua taa yake, akabadilisha wino wa mashine ya kuchapa, akaitoa matumbo na kuyarudisha. Aliskani negativu moja mara nyingi mpaka akaichukia, akatafuta ukungu, alama, mistari, chochote. Hakukuwa na kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nani hujipekua akiwa na uhakika kwamba mwizi yuko nje? Mwisho akasema karatasi za siku hizi ni mbovu. Akanunua pakiti nyingine, akachapa picha ya mkewe, akampelekea binti.

Binti aliishika kwa mikono miwili. Uso wa mama ulikuwa na kijivujivu, ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi ya barafu, lakini macho ya binti hayakukaa huko. Yalikuwa kwenye kola ndogo, mikono iliyobana kwenye kifundo, vifungo vilivyoshuka mpaka kiunoni.

"Sikujua," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuwahi kufikiri Mama angechagua rangi hii."

"Ndiyo hiyo," baba yake alisema.

Binti alizunguka maduka yote ya vitambaa na ile picha mkononi, akiisogeza kwenye kila jora, akiwachosha wauzaji. Alipokipata alichokitaka hakumwonyesha baba yake. Alikikata, akaunga kola, akaunga mikono, na gauni liliposimama kwenye sanamu ya kupimia nguo likiwa limebakiza pindo na vifungo, akamwita.

Fundi alitoka chumba cha nyuma akijipangusa mikono. Alisimama mbele ya gauni. Jicho la kushoto likajifunga.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe, mama. Umekipata wapi kitambaa cheupe namna hii?"

Binti alicheka. "Baba na wewe! Acha utani."

"Utani gani? Jeupe pepepe, kama lile lile."

Kicheko kikaisha. Binti alimtazama baba yake, akalitazama gauni, akaitazama picha iliyobanwa kwa pini ukutani. Halafu akazitazama zile picha za Mwalimu, ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa juu ya kabati.

"Baba, hili ni la buluu," alisema. "Buluu hafifu, lakini ni buluu. Na picha yako ni ya buluu."

"Nani kasema?"

 Binti alivuta droo ya nyuzi, akachukua vibiringo viwili, akavishika kimoja kila mkono. "Hiki rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na hiki?"

Fundi aliinama karibu. "Hiki nacho ni cheupe, ila kimezeeka. Kimeingia njano kidogo. Kitupe."

Kile cha pili ndicho kilichokuwa cheupe, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Kile cha kwanza ndicho alichokuwa anashonea gauni. Binti aliviweka mezani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kupasuka.

"Baba, fumbua na hilo la kushoto."

"La nini? Hilo silitumii."

"Ndiyo maana. Fumbua. Sasa funga la kulia."

Ikawa kichekesho ambacho hakuna aliyekicheka. Jicho la kulia halikujua kujifunga peke yake, halijawahi kuambiwa. Lilipepesa, likakataa, likavuta shavu zima juu. Ikabidi Fundi alifunike kwa kiganja. Akasimama hivyo, mzee mzima mwenye kiganja usoni, mbele ya gauni la buluu.

Aliondoa kiganja, la kushoto likajifunga, gauni likawa jeupe. Alirudisha kiganja, likawa buluu. Akaondoa, akarudisha, akaondoa. Kisha akageuka, akaenda chumba cha nyuma, akawasha kisanduku cha taa, akaweka ile slaidi juu yake na kioo cha kukuzia juu ya slaidi, akainamisha jicho la kushoto, jicho vivu lililokaa bila kazi maisha yake yote.

Mkewe alikuwa pale, na gauni lake lilikuwa jeupe. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe, ngozi yake ilikuwa ya udongo mwororo, hereni zilikuwa za dhahabu. Slaidi haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikaa juu ya mchele wake miaka yote hiyo ikiwa nzima, ikamngoja, naye alipoitoa akaitibu ugonjwa wake yeye.

Binti alimkuta amekaa kitako sakafuni.

"Mwaka mzima," alisema Fundi. "Watu wamenipa babu zao, wamenipa mama zao. Nimewatia buluu wote."

"Hukujua, Baba."

"Nimeandika mlangoni!" alisema, na hapo aibu ikamshika kweli, akafunika uso. Macho hayana pazia, watu husema, lakini ya kwake yalikuwa nalo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine watazame. Aliogopa pia, na uoga ule ulikuwa wa kitoto: jicho lile ndilo lililomlisha, ndilo lililomlea mtoto, na kama limekwisha, yeye atakuwa nani?

Daktari wa macho alimmulika kidogo tu akajua. "Mtoto wa jicho," alisema. "Kulia amekomaa kabisa, kushoto ndiyo kwanza anachungulia. Mzee, dunia umekuwa ukiitazama kupitia kioo cha njano. Tutamtoa, na utaona."

"Kumbe nina mdogo wangu," alisema binti, "na hukuniambia." Daktari akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyuzi, Fundi naye akacheka.

Daktari akafungua kalenda yake. Kulikuwa na nafasi kabla ya harusi, ingemtosha kupona na kuketi mstari wa mbele na jicho jipya. Fundi alifikiri kidogo. "Nipe ya baada ya harusi," alisema.

"Baba!"

"Jicho litangoja. Limengoja mengi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani binti alimgombeza, na yeye alitembea kimya kama mtoto aliyevunja sahani lakini hajutii. Hakumweleza sababu, na binti alipochoka kugombeza akaacha.

Kabla ya harusi palikuwa na kazi ya kurekebishwa. Walianza na Mwalimu. Baba alishika kipanya, binti akakaa kando yake na vipande vya vitambaa mapajani, akimwongoza: punguza, punguza tena, hapo, sasa midomo imepata damu. Fundi alizipeleka picha mwenyewe mpaka kwa Mwalimu. "Nimesoma," alimwambia mlangoni, na Mwalimu akamkaribisha chai, akamwonyesha mumewe pichani akiwa mkavu, mwenye joto, kama alivyokuwa.

Mwisho wakachapa slaidi. Gauni likatoka jeupe. Binti aliibandika picha mpya kando ya ile ya zamani, akakaa akizitazama kwa muda mrefu, mama wawili, mmoja wa barafu, mmoja wa jua.

"Kesho twende tukatafute cheupe," alisema Fundi. "Siku bado zipo. Utashona upesi, nitakushikia taa."

"Sitafuti kingine."

"Mwanangu, si rangi yake hii. Uliniomba rangi yake nami nikakupa makosa yangu."

Binti alilishusha gauni kwenye sanamu, akaketi, akaanza kushona kifungo cha kwanza. Alishona akiwa hamtazami. "Nilipokuwa nalikata hili nilikuwa naongea na Mama," alisema. "Sijawahi kuongea naye kabla. Nikilitupa, nitaanza wapi tena? Mshono ni wa kwake. Rangi imetoka kwenye jicho lako. Mimi nina wazazi wawili, Baba. Acha nivae wote wawili."

 Fundi alimwendea kumtungia uzi kwenye sindano, akashindwa, binti akamnyang'anya sindano kwa upole.

Siku ya harusi kila mtu alikuwa na simu juu, hata watoto. Hakuna aliyemwomba Fundi Nukta apige picha, na hakuona vibaya. Aliketi mstari wa mbele, kamera yake ya zamani nyumbani, mikono magotini. Mlango ulipofunguliwa na watu wakasimama, jicho la kushoto likajifunga lenyewe.

Akamwona akiingia. Kola ndogo, mikono iliyobana kwenye kifundo, vifungo mpaka kiunoni, na gauni jeupe kama siku ile. Hata mwendo ulikuwa ule ule. Watu walipiga vigelegele, na yeye hakuvisikia. Alisema jina la mkewe, polepole, jina ambalo hakuwa amelitamka kwa sauti miaka mingi. Alijua analoliona si kweli. Alijua wiki ijayo daktari atakitoa kile kioo cha njano, na baada ya hapo hakuna jicho lake litakaloweza tena kumwonyesha hivi.

Bibi harusi alipofika mstari wa mbele alisimama. Fundi bomba, aliyekuwa akimngoja mbele akitokwa jasho, alishangaa kumwona akiinama kwa baba yake.

"Baba," alimnong'oneza, "unanikonyeza?"

"Namtazama mama yako," alisema Fundi, na machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yote mawili, lililofunguka na lililofungwa.

 Binti akamshika bega.

"Basi mtazame," alisema. "Ukimaliza, fumbua na hilo lingine. Mimi pia nipo."

Alisimama pale akamngoja, na watu wote wakangoja bila kujua wanangoja nini. Fundi alimtazama mkewe mpaka akatosheka, kama mtu anavyoweza kutosheka. Kisha akafumbua la kushoto, akainua kiganja, akalifunika jicho la kulia, na binti yake alikuwa mbele yake amevaa buluu.